Choo cha Buluu Kule Sekei

Vijana wa karakana, mmenisumbua kweli kweli. Tangu niweke spana chini hamnipi nafasi: "Mama Fundi andika, Mama Fundi usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Asanteni kwa kunichimbia kaburi mapema. Haya, naandika. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara akatafute kwingine. Vyeo vyangu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe ulivyo. Nitagusa mambo mawili matatu ya mwanzo, kisha nitakaa sana kwenye kazi moja ya chumba na bafu kule Sekei, kwa sababu ndiyo inayonirudia ninapokaa barazani kwangu Lemara nikichagua mchele. Niliifanya kwa mikono yangu, nikauona mwisho wake kwa macho yangu, na bado sehemu nyingine siielewi. Labda ninyi mtaielewa.

Mimi ni mtu wa Machame. Nilisomea ufundi bomba zama zile serikali iliposema wasichana nao washike nyundo, na baba yangu, aliyetaka niwe mwalimu, alikaa siku nyingi bila kunisemesha. Nikapangiwa Arusha, kwenye karakana ya idara moja iliyokuwa ikitunza nyumba za watumishi. Siku ya kwanza mlinzi wa getini aliniambia wauza maandazi hupita mlango wa nyuma. Nikapita mlango wa nyuma, nitafanyaje? Ndani nikamkuta Fundi Salehe, mtu wa Pangani, amekaa juu ya boksi la vifaa anakunywa maji. Akanitazama mimi, akaitazama barua yangu, akasema, "Wewe ndiye bomba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, shika katani."

Ninyi mmezaliwa na tepu nyeupe mkononi. Sisi tuliziba maungio ya mabomba kwa katani ya Tanga na rangi. Unachambua nyuzi, unazizungusha kufuata meno ya bomba, unapaka rangi, unakaza. Zikizidi bomba halikazi, zikipungua linavuja. Nilizungusha katani hadi vidole vikabaki vyekundu kwa rangi, na Jumapili kanisani nilikuwa naficha mikono chini ya kitabu cha nyimbo. Salehe alikagua kwa kupitisha kidole tu kwenye ungio, kisha anasema "Fungua" au hasemi kitu. Kutosema kitu ndiyo ilikuwa sifa.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Tukifika kwenye nyumba ya watu, hagusi kitu. Anaweka boksi lake katikati ya njia, analikalia, anaomba maji ya kunywa, na maji yenyewe anayanywa kama dawa, funda kwa funda, huku anaangalia watu wanavyoingia na kutoka na kumkwepa. Nilidhani ni uvivu wa kazi ya serikali. Siku moja nikamuuliza, "Fundi, hivi tunasubiri nini?"

"Naangalia wanapita wapi."

"Si tumeambiwa bomba linavuja jikoni?"

"Bomba halihami," akasema. "Watu ndio wanahama." Nikaona mzee wa watu ameanza kuchoka akili.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani, pamoja na vitu vingine ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Karakana yetu ikaambiwa haihitajiki tena. Tukapewa mikono, tukapewa asante, nikaondoka na boksi langu. Salehe akarudi Pangani. Mimi nikapanga kibanda Ngarenaro, kati ya mchomelea mageti na mshona viti vya magari, nikaandika ubaoni "Fundi Bomba". Wateja wakawa wanakuja wanauliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nilikuwa nawaambia ametoka, wamngoje kidogo. Wakichoka kungoja nawaambia ni mimi.

Hizo ndizo zilikuwa siku za wazimu wa mabafu. Mabeseni ya kunawia ya rangi ya waridi, vyoo vya kukaa vya buluu na vya kijani, mabomba ya plastiki mepesi kama miwa. Vyote vinatoka Dubai, na kila mtu anavitaka, awe na maji asiwe nayo. Mama mmoja wa Rombo, mwenye duka la vitenge, alinifungisha bafu lile la kulala ndani yake, kubwa kama hori la ng'ombe. Maji ya mtaani kwake yalitoka alfajiri kwa matone. Nilipopita baadaye nikakuta amelijaza mahindi. Akaniambia, "Aisee Mama Fundi, panya hawafiki kabisa!" Nikamwambia tumshukuru Mungu. Na kwa kuwa sasa kila mteja alikuwa na haraka, ile tabia ya Salehe ya kukaa na kunywa maji niliiacha. Ukilikalia boksi kidogo tu, mwenye nyumba anauliza kama unaumwa.

Ndipo akaja Lomayani. Kijana mrefu wa Kiarusha, dereva wa gari la watalii, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. "Shikamoo, Mama Fundi." "Marahaba, mwanangu." Akaeleza shida yake huku anaviangalia viatu vyangu. Alikuwa amenunua nyumba ndogo kule Sekei, ya chini katika jengo la ghorofa ambalo wapangaji walikuwa wameuziwa. Sebule, jiko, chumba kimoja, na bafu ambalo mlango wake umo ndani ya chumba hicho hicho. Alitaka chumba cha kulala kipunguzwe, bafu liongezwe, choo cha kuchuchumaa king'olewe na kiwekwe cha kukaa.

"Kwani kuna nini?" nikamuuliza.

"Tuna mgonjwa. Ana kidonda mguuni, kinasafishwa hospitali kila siku. Daktari amesema asichuchumae kabisa, maana akichuchumaa kinafunguka. Kikiendelea kufunguka watakata hapa." Akajigusa chini ya goti. "Naomba usichelewe, Mama Fundi. Anasema anataka kurudi Oldonyosambu. Akirudi kule, mguu umekwenda."

Sikumuuliza mgonjwa ni nani. Kijana anayehangaika kumnunulia mgonjwa choo, mgonjwa huyo ni mama yake mzazi. Nani hajui?

Nilipofika nikamkuta bibi mwembamba amekaa jikoni juu ya kigoda, shuka begani, shanga masikioni, mguu mmoja umefungwa bandeji kutoka kifundoni hadi katikati ya ugoko. Kiswahili hajui, na Kimaasai changu ni salamu moja. "Takwenya," nikasema. "Iko," akajibu, akacheka, akaniuliza jambo refu sana nikamjibu kwa kutikisa kichwa. Mke wa Lomayani, Nembris, muuza mitumba wa sokoni, msichana mcheshi, akanitembeza nyumba nzima kwa hatua chache. Bibi alikuwa analala sebuleni kwenye godoro. Kwenda bafuni lazima upite chumbani kwa wenye nyumba, ukipitia pembeni ya kitanda kilichojaa chumba chote. Nikasema moyoni, hapa shida ni nafasi tu. Nikatoa futi, nikaanza kupima.

Na kazi ya kuokoa nafasi niliifanya, jamani, mniache nijisifu kidogo. Ukuta kati ya chumba na bafu niliusogeza kwa urefu wa mkono. Kitanda nikakitengenezea sanduku la mbao lenye droo chini yake, nguo zote zikaingia mle, kabati likauzwa. Mlango wa bafu uliokuwa ukigonga kitanda nikaubadilisha ukawa wa kusukuma pembeni, unapita juu ya reli. Sakafu nikaipa mteremko kidogo kuelekea kwenye tundu ili maji yasisimame. Kisha choo cha kukaa, cha buluu, nilichokichagua mwenyewe kwa kukigonga kwa kifundo cha kidole nisikie kama kina ufa. Pembeni yake nikafunga kipande cha bomba la chuma ukutani, bibi ajishikilie anapoinuka. Nembris alipoona alipiga vigelegele. Lomayani alisimama mlangoni, akasema, "Mungu akubariki, Mama Fundi," na sauti yake haikuwa sawa. Nikaona ni furaha.

Ila kulikuwa na mambo yaliyonishangaza. Lomayani akirudi nyumbani hapigi hodi. Anasimama nje anakohoa, anakohoa tena, na hapo Nembris anaacha alichoshika, anamwinua bibi, anamwingiza jikoni na kushusha pazia. Ndipo mwanaume anapita sebuleni mbio, uso ameuelekeza ukutani. Bibi naye kule jikoni amejifunika shuka hadi kichwani. Hakuna salamu, hakuna "umeshindaje na mguu". Kijana anayenipa shikamoo mimi nisiye na undugu naye, mama yake hamwamkii! Nikasema hawa wamegombana. Labda ni shamba. Hapa kwetu Meru na Kilimanjaro, watu wa nyumba moja wakiacha kusemeshana, mara nyingi ni shamba.

Baada ya siku kadhaa nikapita kuangalia kama kuna ungio linalovuja. Kabla sijafika nikamwona bibi barabarani, peke yake, anateremka na fimbo kuelekea kanisani. Nikafikiri anakwenda kusali. Hapana. Alizunguka nyuma ya kanisa, kwenye choo cha shimo. Alipotoka, bandeji ilikuwa imelowa, na alipanda kile kilima akisimama kila baada ya hatua mbili tatu. Nikamshika mkono tukapanda pamoja. Nikaingia ndani kukikagua choo changu cha buluu. Kinafanya kazi vizuri, maji yanakuja, hakivuji hata tone, na kile chuma cha kujishikilia hakijaguswa.

"Nembris, mama hatumii choo?"

"Hatumii."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa. "Amesema Jumamosi anarudi Oldonyosambu. Leo nesi ameniambia kidonda kimerudi nyuma."

Niliumia. Niliumia kwa ajili ya mguu wa bibi, na, niseme ukweli, kwa ajili ya choo pia. Nikaamua kwamba ugomvi huu ndio unaoleta balaa, na kwamba mtu mzima akikaa kimya mbele ya ugomvi wa mama na mwanawe atakuja kuulizwa mbinguni. Sikumweleza mtu. Nikangoja mchana, Lomayani amekuja kula. Alikuwa amekaa sebuleni na sahani ya makande mapajani, bibi yuko jikoni nyuma ya pazia. Nikaingia jikoni, nikamshika bibi mkono kwa upole, nikavuta pazia, nikamleta hadi katikati ya sebule. Nikasema kwa sauti ya kanisani, "Mwanangu, msalimie mama. Yaliyopita yamepita."

Loo! Bibi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akageukia ukutani, akajifunika shuka lote. Makande yakamwagika. Lomayani aliruka kama aliyekalia moto, na kwa kuwa mimi na bibi tulikuwa tumeziba njia ya mlango wa nje, akakimbilia chumbani. Nikamfuata nikidhani anachukua kitu. Nikawahi kuona soli za viatu tu. Mwanaume mzima, mwenye shati la pasi, ameruka dirishani! Jirani wa ghorofani akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!"

Nikabaki nimeshika pazia. Nembris alikuwa sakafuni anaokota makande, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Mama Fundi," akasema, "huyu si mama wa Lomayani. Huyu ni yeyo wangu mimi. Ni mama yangu."

Nikakaa chini. Ruwa, Mungu wangu! Mama mkwe! Hata kwetu Machame mama mkwe akija kwa mkwewe hula, hushukuru, na hurudi kwake kabla jua halijazama. Kulala nyumba ya mkwe, hakuna. Na hawa Waarusha wa magharibi ya Meru ndio wakali zaidi: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapitani njiani. Kwa hiyo jambo hilo halikuweza hata kuingia kichwani mwangu. Niliona bibi ndani ya nyumba ya mwanaume, nikajua ni mama yake, basi. Kama ningemkuta mbuni sebuleni ningeshangaa kidogo kuliko hivyo.

Nembris akaniambia yote. Yeye ni mtoto wa pekee, na baba alishafariki. Aliyeishtukia habari ya mguu kwanza ni Lomayani mwenyewe, aliposikia kwa watu kwamba mama mkwe haendi tena kisimani. Akasema aletwe mjini. Ndugu zake wakamsema, umekuwa mtu wa wapi wewe, unamlaza mama mkwe ndani kwako? Akasema waseme, mguu ukikatwa wao hawatampa wa kwao. Lakini hakuweza kuniambia mimi, mtu baki, tena mwanamke, kwamba anamtengenezea mama mkwe choo. Aibu ingemuua. Ndiyo maana alikuwa anaviangalia viatu vyangu.

"Na choo?"

"Atapitaje chumbani anakolala mkwewe? Na hata angepita," akashusha sauti, "atakaliaje mahali alipokalia mkwe?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Choo cha kuchuchumaa kinamfungua kidonda. Cha kukaa hakaliki. Nyumba ni ndogo kama kiberiti, na Jumamosi iko mlangoni. Kazi yangu yote nzuri ya kuokoa nafasi ilikuwa imewasogeza karibu watu wawili ambao shida yao ilikuwa ni kuwa karibu. Sikujua nishike wapi. Nikafanya kitu pekee kilichonijia: nikaweka boksi langu katikati ya sebule, nikalikalia, nikamwomba Nembris maji ya kunywa.

Nikanywa polepole. Nembris akanipita, akanikwepa, akafuta sakafu. Bibi naye akatulia, akachukua fimbo, akatoka nje. Nikadhani anakwenda tena kule kanisani. Lakini kupitia mlango wa chumbani nikamwona ametokea upande wa pili, nje ya lile dirisha alilorukia Lomayani. Lilikuwa bado wazi. Akaushika ukuta chini ya dirisha, akaupapasa, akasema neno.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza mlango wa huku uko wapi."

"Kwani anaona kuna mlango?"

Nembris akafikiri. "Kwetu kila mama ana nyumba yake na mlango wake. Nyumba zinakaa boma moja, lakini kila moja na mlango wake. Hapa haelewi. Anasema nyumba yenye mlango mmoja ni ya mwenye mlango."

Sikuelewa vizuri, na sijifanyi kwamba nilielewa. Lakini mlango ni kitu ninachokijua. Nikalitazama lile dirisha. Juu yake tayari kuna linta, zege linalobeba ukuta. Ukikata matofali ya chini ya dirisha hadi sakafuni, una mlango na jengo halijui kama umepita. Nikamtafuta Lomayani, nikamkuta garini amejiinamia kwenye usukani.

"Mwanangu, nisamehe kwa makande."

"Hakuna shida, Mama Fundi."

"Nina swali. Kile choo cha buluu, wewe umeshakikalia?"

Akashtuka. "Mama, mambo mengine hayaulizwi!"

"Mimi ni fundi bomba. Ndiyo mambo yenyewe ninayouliza."

Akatazama nje ya dirisha la gari. "Mara moja. Kujaribu."

"Basi kinatoka. Na chumba nacho mnamwachia bibi. Utaweza?"

Nikamweleza. Akashuka, akaenda mwenyewe kununua matofali.

Tulikata ule ukuta siku ile ile na iliyofuata, huku jirani wa juu akituapiza kwamba tunaangusha jengo. Dirisha likawa mlango. Ule mlango wa ndani, wa kutoka sebuleni kwenda chumbani, nikauziba kwa matofali kutoka chini hadi juu, ila mstari wa juu kabisa nikaweka matofali ya matundu ili hewa ipite. Kitanda changu kizuri cha sanduku nikakivunja mbao moja moja, maana bibi asingelala walipolala wao. Zile mbao nikawatengenezea Lomayani na mkewe kitanda cha kukunja cha sebuleni, asubuhi unakiinua kinaegemea ukutani. Choo cha buluu nikakihamishia kwenye stoo ya mkaa iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya jiko, na pale palikuwa padogo hivi kwamba Lomayani ilimbidi aingie kwa rivasi. Kwa bahati yeye ni dereva. Bafuni kwa bibi nikaweka kingine, cheupe, kipya, na nilikifungulia karatasi zake mbele ya macho yake ili aone kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukikaribia.

Jumamosi ikafika. Bibi alikuwa na kifurushi chake tayari kwapani. Nembris akampeleka nje, akamzungusha nyuma, hadi kwenye mlango mpya, rangi haijakauka. Lomayani hakuwepo, alijificha kwa fundi viti vya magari kule kwetu Ngarenaro na hakula siku nzima. Bibi akasimama kizingitini. Akatazama chumba, akatazama ule ukuta nilioziba, akaugonga kwa fimbo asikie kama ni mzito. Akaingia. Akaweka kifurushi. Akasema neno fupi na Nembris akaanza kulia.

"Anasemaje?"

"Anasema nimkaribie, nimletee chai. Anasema amefika kwake."

Basi bibi akakaa, na sasa akawa anajishikilia kile chuma changu cha ukutani kila siku hadi kikang'aa. Kila asubuhi alitoka kwa mlango wake kwenda hospitali na kurudi. Kidonda kikaanza kufunga, polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Mimi nilikuwa napita kuangalia maungio, au ndivyo nilivyosema. Jioni Lomayani alikaa sebuleni karibu na ukuta, anamsimulia Nembris habari za safari kwa sauti kubwa kuliko lazima, tembo walifanya hivi, mtalii aliogopa vile. Upande wa pili, kupitia matofali ya matundu, nilimsikia bibi anacheka. Nikamuuliza Nembris kama hiyo inaruhusiwa. Akasema, "Si anaongea na mimi?"

Siku daktari aliposema bandeji itoke, bibi akaamua kurudi Oldonyosambu. Lomayani akaja kibandani kunijulisha, na mimi, fundi wa watu, nikachukua nyundo na patasi. Nilijua watataka chumba chao. Watu wawili wamejibana sebuleni muda wote ule, choo wanaingia kwa rivasi. Kazi iliyobaki ni kuvunja ule ukuta na kuurudisha mlango wa ndani mahali pake.

Nilipofika sebuleni, Lomayani alikuwa amesimama ameuelekea ule ukuta, ameinamisha kichwa. Nikafungua boksi, nikatoa nyundo. Akaniwekea kidole mdomoni. Ndipo nikasikia upande wa pili fimbo inagonga, ko, ko. Kisha sauti ya bibi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa inakwenda kwa vituo, maneno machache, kituo, maneno machache, kituo. Na kila kituo, Lomayani, ambaye hajawahi kumtazama huyu mama usoni, alijibu upande huu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeitikia amina kwenye baraka: "Naai." Bibi akasema tena. "Naai." Shati lake la pasi lilikuwa limelowa kifuani. Sikuambiwa neno hata moja maana yake, na siku ile sikumuuliza Nembris, kwa sababu Nembris alikuwa upande wa mama yake.

Sauti ikaisha. Tukasikia mlango wa nje unafungwa, fimbo inakwenda barabarani, na hatua zake, mbili sawasawa. Nikamwambia Lomayani taratibu, "Haya mwanangu, sasa nivunje?"

Akaichukua ile nyundo mkononi mwangu, akairudisha ndani ya boksi, akafunga kifuniko.

"Hapana, Mama Fundi. Akirudi ataingilia wapi?"

Nilitazama ule ukuta, nikatazama kitanda cha kukunja, nikakumbuka kwamba niliitwa nyumba ile kuokoa nafasi. Nikalikalia boksi langu, nikamwomba maji ya kunywa.